Wanaoujua Ukuta

Magari ya langalanga yanaporudi gereji baada ya mazoezi ya Monako, tazama ubavu wa matairi yake. Maandishi ya rangi yaliyokuwa yanang'aa asubuhi mara nyingi huwa yamefutika nusu, na mahali pake pana mkwaruzo wa kijivu. Hakuna aliyepata ajali. Dereva amefika tu mahali alipokuwa akipatafuta tangu mzunguko wa kwanza, pale tairi linapougusa ukuta wa chuma kiasi cha kufuta rangi lisivunje kitu. Akizidisha kidogo, vyuma vinavyoshika gurudumu vinakatika na siku imekwisha. Akipunguza, amepoteza sehemu ya kumi ya sekunde, na huko sehemu ya kumi ya sekunde inaweza kumshusha mtu nafasi kadhaa kwenye mstari wa kuanzia.

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, mbio za magari ni Safari Rally: vumbi la Naivasha, tope, mawe, gari moja moja likipita na kuacha wingu nyuma yake. Pale dereva hupambana na ardhi isiyotabirika. Monako kila kitu kinajulikana. Mitaa ni ileile ambayo watu huendea sokoni na kazini, kona zina majina kama watu, na ukuta uko palepale ulipokuwa mwaka jana. Kinachobaki ni mkono wa mtu. Ndiyo maana naamini ufundi wa udereva hauonekani wazi mahali pengine popote kama unavyoonekana pale.

Mbio hizi zilizaliwa kwa sababu ya kukataliwa. Chama cha magari cha Monako kilikuwa kinaendesha Rally ya Monte Carlo tangu 1911, lakini kilipoomba kutambuliwa kimataifa kama chama cha taifa, kiliambiwa kwamba mashindano yake yanafanyika katika barabara za nchi za watu. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Nchi yenyewe ina takriban kilomita mbili za mraba, imebanwa kati ya mlima na bahari, na gari likienda mbio dakika chache limekwisha kuvuka mpaka. Antony Noghès, mtoto wa rais wa chama hicho, akaamua kutafuta ndani ya mji njia inayozunguka na kurudi ilikoanzia. Louis Chiron, dereva mzaliwa wa hapo, alimpa ushauri, na Mwanamfalme Louis II akatoa baraka zake. Njia ikapatikana: kuondoka bandarini, kupanda hadi Kasino, kushuka kwenye stesheni ya reli, kupita ndani ya handaki kando ya bahari na kurudi bandarini. Tarehe 14 Aprili 1929 magari 16 yalijipanga. Tangu siku hiyo njia imepindishwa hapa na kunyooshwa pale, lakini mtu aliyekimbia mwaka ule akirudishwa leo hangepotea.

Mshindi wa kwanza alijiandikisha kwa jina moja tu, Williams. Jina lake lilikuwa William Grover-Williams, na kabla ya hapo aliwahi kuwa dereva wa mchoraji William Orpen. Gari lake lilikuwa Bugatti 35B ya kijani. Alimaliza mizunguko 100 kwa saa 3 na dakika 56, na mzunguko wa kasi kuliko yote siku hiyo ulichukua dakika 2 na sekunde 15. Nyuma yake, katika nafasi ya tatu, alifika Rudolf Caracciola na Mercedes SSK, gari kubwa lenye injini ya zaidi ya lita saba. Caracciola alianzia nafasi ya 15, akapenya hadi mbele, kisha akapoteza zaidi ya dakika nne aliposimama kujaza mafuta na kubadilisha matairi. Walioshuhudia siku hiyo hawakuhitaji kuambiwa kwamba katika mitaa hii wingi wa nguvu si mtaji mkubwa. Williams mwenyewe hakufika uzeeni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi ya siri kwa Waingereza katika Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, akakamatwa, na kuuawa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1945.

Jambo moja la miaka ile halipaswi kupitwa. Hadi 1932 nafasi za kuanzia zilipangwa kwa bahati nasibu. Mwaka 1933, hapo hapo Monako, kwa mara ya kwanza katika mbio za ngazi hiyo zilipangwa kwa muda ambao kila dereva aliupata katika mazoezi. Achille Varzi na Tazio Nuvolari wakapokezana uongozi siku nzima hadi mzunguko wa mwisho, gari la Nuvolari liliposhindwa na Varzi akashinda. Watu hukumbuka vita ile. Mimi nadhani mabadiliko ya mpangilio ndiyo yaliyoacha alama kubwa zaidi, kwa sababu yalimpa dereva sababu ya kuujua ukingo wa barabara kabla ya siku ya mbio.

Wakati huo ukuta wa chuma haukuwapo. Kulikuwa na kingo za mawe, nguzo za taa, miti, milango ya nyumba, marobota ya majani makavu, na upande mmoja bahari. Mwaka 1950, katika msimu wa kwanza wa ubingwa wa dunia, wimbi lilipiga gati na kumwaga maji barabarani kwenye kona ya Tabac. Magari yakateleza na kugongana katika mzunguko wa kwanza, karibu nusu ya yote yaliyoanza. Juan Manuel Fangio alikuwa mbele na hakuyaona. Alipokaribia tena katika mzunguko wa pili, kona ikiwa bado imemficha rundo lile la vyuma, alitambua kwamba watazamaji hawamtazami yeye, anayeongoza. Nyuso zote zilikuwa zimegeukia upande mwingine. Akafunga breki, akapita polepole kati ya magari yaliyovunjika, akaenda kushinda. Kusoma barabara kwa kutazama vichwa vya watu, kwa kasi ile, ni ujuzi ambao hakuna shule inayoufundisha.

Alberto Ascari hakupata nafasi kama hiyo mwaka 1955. Lancia yake ilipitiliza kwenye kona ya bandarini na kutumbukia baharini. Aliogelea akatoka, na siku nne baadaye akafa huko Monza akijaribu gari jingine. Katika mbio zilezile za 1955 Louis Chiron, yule yule aliyemshauri Noghès na aliyekuwa ameshinda nyumbani mwaka 1931, alimaliza wa sita akiwa na umri wa miaka 55. Alikuwa akiendesha katika mitaa aliyokulia, na sioni sababu nyingine ya kutosha ya mzee wa umri ule kuwa mbele ya vijana.

Lakini nikiombwa kuchagua siku moja tu katika historia yote hii, nitachagua 14 Mei 1961. Ferrari walikuja na magari mapya yenye injini zilizowazidi wengine wote. Stirling Moss alikuwa na Lotus ya mwaka uliopita, si ya kiwanda bali ya timu binafsi ya Rob Walker, yenye injini ya Climax iliyopungukiwa nguvu za farasi kama 30 hivi. Kwenye mstari wa kuanzia Moss akaona ufa katika bomba moja la fremu. Fundi wake, Alf Francis, akaleta mtungi wa kuchomelea, akafunika matangi ya mafuta yaliyojaa kwa taulo zilizolowa maji, na akachomelea pale pale huku wengine wakijisogeza mbali. Mabamba ya pembeni ya gari yalikuwa yameondolewa ili hewa ipite, kwa hiyo watazamaji walimwona Moss mwili mzima, viwiko na magoti, akifanya kazi.

Akaongoza tangu mzunguko wa 14 hadi wa 100. Ferrari tatu zikamfukuza kwa zamu, Richie Ginther akimkaribia kuliko wote, na mwishoni Moss akamshinda Ginther kwa sekunde 3.6. Sasa fanya hesabu hii pamoja nami. Muda wa Moss katika mazoezi, ule uliompa nafasi ya kwanza ya kuanzia, ulikuwa dakika 1 na sekunde 39.1. Ukiuzidisha mara 100 unapata saa 2, dakika 45 na sekunde 10. Yeye alimaliza mbio kwa saa 2, dakika 45 na sekunde 50. Maana yake ni kwamba kwa karibu saa tatu, akiwa na tangi zito mwanzoni na matairi yaliyochoka mwishoni, akipita magari yaliyoachwa nyuma, kwa wastani alikuwa chini ya nusu sekunde tu kutoka kwenye muda wake bora wa mazoezi, kwa mizunguko 100. Sijui fani nyingine ambayo mtu huikaribia hivyo kazi yake bora ya mazoezi mara 100 mfululizo bila kusimama kujifuta jasho.

Mwaka 1967 Lorenzo Bandini, akiwa wa pili na mwenye uchovu wa zaidi ya mizunguko 80, aligonga kwenye kona ya kutokea handakini. Ferrari yake ilipinduka, mafuta yakashika moto, na majani makavu yaliyowekwa kulinda watu yakauchochea moto huo. Alifariki siku tatu baadaye. Mwaka uliofuata mbio zikapunguzwa hadi mizunguko 80, na marobota ya majani hayakudumu. Reli za chuma zikaanza kuwekwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimeizunguka karibu njia yote. Ukuta tunaouona leo uliletwa na kifo hicho na vingine vya enzi ile. Uliokoa watu, na papo hapo ukabadilisha ufundi wenyewe. Kabla yake kila kona ilikuwa na hatari ya namna yake. Baada yake kukawa na ukingo mmoja, mgumu, ulionyooka, unaopimika.

Ukuta huo nao una mafundi wake, na ni haki kuwataja kabla ya madereva. Kila mwaka, kiasi cha wiki sita kabla ya mbio, mji huanza kufungwa bolti kwa bolti. Zaidi ya kilomita 30 za reli huunganishwa kandokando ya njia, zikipandanishwa safu juu ya safu; juu yake huja nyavu za waya, nyuma yake majukwaa ya watazamaji. Vibao vya barabarani huondolewa. Mifuniko ya chemba huchomelewa, kwa sababu gari linalopita kwa kasi hunyonya kila kilicho chini yake. Mwaka 2016 mfuniko mmoja ulilegea wakati wa mazoezi ukagonga gari la Jenson Button, na mtu akiona uzito wa chuma kile ataelewa kwa nini wachomeleaji hawachezi. Haya yote hufanyika huku watu wakiendelea kwenda dukani na shuleni. Jioni, mazoezi yakiisha, sehemu za njia hufunguliwa na malori ya mizigo hupita juu ya lami ileile. Mbio zikimalizika, kila kitu hung'olewa.

Pamoja nao kuna mamia ya wasimamizi wa njia, wengi wao wakijitolea, wanaosifiwa na madereva kuwa miongoni mwa bora duniani. Gari likivunjika kwenye kona, kwa dakika chache winchi limekwisha kulinyanyua juu ya reli, likining'inia hewani kando ya maghorofa, na vioo na vipande vya plastiki vimefagiwa. Hawana uwanja wa kusukumia gari pembeni. Wana mwanya mdogo kwenye reli na wanaujua mwanya huo kwa kuufanyia mazoezi.

Sasa mzunguko wenyewe. Una kilomita 3.337 na kona 19. Gari huondoka kando ya bandari, barabara yenyewe ikiwa imepinda kidogo kulia ingawa huhesabiwa kuwa sehemu iliyonyooka, hadi Sainte-Dévote, kona iliyo mbele ya kikanisa cha mtakatifu mlinzi wa Monako. Hapo huanza mlima wa Beau Rivage. Juu yake ni Massenet, kona ndefu ya kushoto ambayo dereva huiingia haoni anakotokea, kwa kuwa ukuta wa ndani umemziba. Halafu Uwanja wa Kasino, kisha mteremko wenye nundu katikati ya barabara. Kila dereva huikwepa nundu hiyo kwa kulisogeza gari pembeni na kulirudisha, wakati uleule anaotakiwa kufunga breki kwa ajili ya kona ya Mirabeau.

Chini ya Mirabeau ipo kona ya polepole kuliko zote katika kalenda ya langalanga. Gari hugeuka kurudi lilikotoka, kwa takriban kilomita 50 kwa saa, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Zamani iliitwa kona ya Stesheni, kwa sababu stesheni ya reli ilikuwa hapo. Siku hizi huitwa kwa jina la hoteli iliyochukua nafasi yake. Magari ya langalanga hayakuumbwa kukata namna hiyo, kwa hiyo timu hutengeneza vifaa vya usukani vya kutumika Monako peke yake, ili magurudumu ya mbele yageuke zaidi ya kawaida. Mafundi hulegeza pia springi ili gari lipande kingo na mabonde ya lami ya mjini bila kurukaruka, na hufunga mabawa makubwa kuliko ya mbio nyingine zote, maana kasi ya mwisho si shida hapo.

Kutoka Portier gari huingia handakini. Hiyo ndiyo sehemu ya kasi kubwa, na bado ni kona, kona ndefu ya kulia ambayo mguu hauruhusiwi kuinuka kwenye mafuta. Macho hutoka kwenye jua, huingia kwenye mwanga wa taa, hurudi kwenye jua kali la baharini kwa kasi inayokaribia kilomita 290 kwa saa, na hapo hapo breki zinahitajika kwenye mteremko wenye mabonde. Kisha Tabac. Kisha kona za Piscine, bwawa la kuogelea, zilizoongezwa mwaka 1973. Kisha Rascasse, na ya mwisho yenye jina la Antony Noghès. Katika enzi za gia za mkono, dereva aliuachia usukani mkono mmoja zaidi ya mara ishirini katika kila mzunguko, na bado alipaswa kulipitisha gari kati ya reli.

Kwa nini asogelee ukuta? Kwa nini asiache nafasi? Kona yoyote hupitwa kwa kuanzia nje, kugusa ndani na kutokea nje. Kadiri unavyoutumia upana wote wa barabara, ndivyo kona inavyonyooka, na kona iliyonyooka huruhusu kasi. Katika viwanja vya kawaida dereva akipitiliza hukuta lami ya ziada au majani, hupoteza nusu sekunde na kurudi. Hapa upana wa mwisho wa barabara ndio chuma chenyewe. Kinachosogea karibu zaidi na chuma hicho ni gurudumu la nyuma, lililo mgongoni mwa dereva, asiloweza kulitazama. Analijua kwa nyonga na kwa mikono. Macho yake yamekwisha kwenda kona inayofuata.

Na barabara yenyewe haitulii. Siku ya kwanza ina vumbi na mafuta ya magari ya watu. Kila gari linalopita huacha mpira kidogo kwenye lami, na mshiko huongezeka saa kwa saa, kwa hiyo kipimo cha asubuhi si kipimo cha jioni. Mvua ikinyesha, rangi nyeupe ya vivuko vya watembea kwa miguu huwa utelezi mtupu. Dereva anayejua kazi hujenga mzunguko wake polepole. Huacha upana wa kiganja, halafu wa vidole vitatu, halafu wa kimoja. Ni kama nahodha wa jahazi anayejifunza mlango wa mwamba: mara ya kwanza hupita maji yamejaa na jua liko nyuma yake, na haongezi tanga mpaka ajue kila jiwe lilipo. Wenye haraka hujulikana mapema Monako. Magari yao ndiyo yanayoning'inia kwenye winchi siku ya kwanza.

Aliyeufikisha ujuzi huu mbali kuliko wote ni Ayrton Senna, na ushahidi ninaoupenda zaidi hautoki Monako bali Dallas, Marekani, ambako mwaka 1984 palikuwa na mbio za mitaani kati ya kuta za zege. Senna alikuwa katika msimu wake wa kwanza, timu ya Toleman. Aligusa ukuta, gari likaharibika, na akarudi akimwambia mhandisi wake, Pat Symonds, kwamba ukuta ule umesogea. Symonds amesimulia kwamba hakumwamini, lakini kijana aling'ang'ania hadi wakaenda kuangalia kwa miguu. Wakakuta mtu amegonga upande wa pili wa kipande kile cha zege, na ncha yake ya karibu imejitokeza kwa milimita chache. Milimita chache, kwa mtu aliyekuwa akipita hapo kwa kasi ya mbio. Kwa Senna hizo zilikuwa nyingi, kwa sababu alikuwa akiacha nafasi ndogo kuliko hizo.

Mtu wa namna hiyo ukimpeleka Monako mambo lazima yatokee. Mwezi mmoja kabla ya Dallas alikuwa amemaliza wa pili huko, katika mvua kubwa, baada ya kuanzia nafasi ya 13, mbio ziliposimamishwa huku akimkaribia Alain Prost. Mwaka 1988, akiwa na gari sawa na la Prost huyohuyo, alimzidi katika mazoezi ya kupanga nafasi kwa sekunde 1.427. Kati ya madereva wawili bora wa dunia, katika magari mawili ya timu moja, pengo kama hilo halielezeki kwa injini. Siku ya mbio aliongoza kwa karibu sekunde 50, akaambiwa apunguze, na katika mzunguko wa 67 akagonga reli pale Portier. Mimi sioni kwamba alizembea. Naona kwamba mwendo aliokuwa ameuzoea mwilini ulivunjwa, na mikono iliyozoea kupima kwa kasi fulani ikakosea ilipopunguziwa. Kuanzia mwaka uliofuata alishinda mara tano mfululizo, na jumla ya ushindi wake huko, sita, haijafikiwa. Mwaka 1992 Nigel Mansell, mwenye gari la kasi zaidi na matairi mapya, alimganda nyuma katika mizunguko ya mwisho akijaribu kila upande, na Senna alivuka mstari mbele kwa sekunde 0.215. Hakumzuia kwa ubabe. Aliliweka gari mahali sahihi kila mara, na mahali sahihi pakiwa pamekaliwa, barabara imekwisha.

Hapo ndipo malalamiko ya siku hizi yanapotokea, nayo yana msingi. Magari yalikua hadi upana wa mita mbili na urefu wa zaidi ya mita tano, na mitaa haikukua nayo. Mwaka 2018 Daniel Ricciardo alishinda akiwa amepoteza sehemu kubwa ya nguvu za gari lake, bila mtu kumpita. Mwaka 2024 Charles Leclerc alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Monako kushinda tangu Chiron, jambo lililomfurahisha kila mtu, lakini madereva kumi wa kwanza walimaliza kwa mpangilio uleule walioanzia. Mwaka 2025 kanuni zilimlazimisha kila mmoja abadilishe matairi mara mbili, na mbio hazikupata uhai uliotarajiwa. Wapo wanaotaka Monako iondolewe kwenye kalenda. Siwaungi mkono. Kosa ni la magari. Mitaa ile imemtambua fundi kwa karibu miaka mia moja, na bado inamtambua, ila siku hizi hufanya hivyo Jumamosi, siku ya kupanga nafasi.

Jumamosi ya mwaka 2025 Lando Norris alizunguka njia nzima kwa dakika 1 na sekunde 9.954, chini ya dakika 1 na sekunde 10 kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo, msomaji, mbio hizi zikifika tena, usingoje Jumapili. Kaa mbele ya televisheni siku ya kupanga nafasi, saa kumi na moja jioni kwa saa zetu kama ratiba itabaki ilivyokuwa miaka ya karibuni. Chagua dereva mmoja na uandamane naye tangu mzunguko wake wa kwanza, hata kama wengine wanakwenda mbio zaidi. Kipindi chote ni cha saa moja tu, na katika msimu mzima wa langalanga hakuna saa nyingine inayomlipa mtazamaji mvumilivu kama hiyo.